Solda Iliyokataa Kushika

Kijijini Kiambere, redio ikinyamaza, watu walisema, "Ipeleke kwa Ciakuthii." Alijifunza ufundi wa redio katika chuo cha Siakago, msichana pekee kati ya wavulana, kisha akafungua kibanda chake karibu na soko. Kiungo alicholehemu yeye hakikuachia ovyo.

Mwaka wa 1997 mvua kubwa zilipoharibu barabara, basi la abiria liliacha kuja na solda aliyoizoea, ule waya laini wa kuyeyushia viungo, ikamwishia. Ilibaki koili moja aliyoletewa na mdogo wake Gedion, aliyekuwa akisomea uhandisi Japani.

"Hii haina madini ya risasi, dada," Gedion alikuwa amemwambia. "Risasi ni sumu, viwanda vya kule vimeanza kuiacha. Lakini hii inataka moto zaidi."

Ciakuthii aliijaribu mara moja, ikaganda kama uji uliopoa. Akaisukuma chini ya meza.

Asubuhi moja sista Purity, muuguzi wa zahanati, alimjia mbio, matope hadi magotini. Redio ya kuitia gari la hospitali ilikuwa imezimika, na Rwamba, mke wa Ndambiri, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Mtoto alikuwa amekaa vibaya.

Ciakuthii alibeba jiko, chuma cha kulehemia na koili ile, wakaenda zahanati. Kosa halikujificha: waya unaoleta umeme wa betri ulikuwa umeng'oka, na shaba yake imekuwa nyeusi kwa unyevu. Alipogusisha solda, ilijikunja ikawa tone, ikateleza kama maji juu ya jani la nduma. Akarudia. Ikateleza tena.

"Itakubali kweli, fundi?" Ndambiri aliuliza mlangoni. Ndani, mkewe alikuwa akiugua.

"Itakubali," alisema.

Akajituliza, akafikiri. Solda ya zamani ilivumilia uchafu kidogo, hii haikusamehe. Alichukua wembe akaikwangua shaba hadi ikang'aa nyekundu, akaipaka utomvu mkavu wa kusafishia, akapepea makaa mpaka macho yakamtoka machozi. Chuma kikikaa muda mrefu mno, kibao cha ndani ya redio kingeungua, na redio nyingine haikuwepo. Hata hivyo akakibana kwenye kiungo. Mara solda ikalegea, ikatambaa, ikaingia katikati ya nyuzi za shaba.

Ilipopoa ilikuwa na rangi ya majivu, haikung'aa kama ile aliyoizoea. Akauvuta waya. Ukagoma kutoka.

Purity alibonyeza kitufe akaita. Redio ikakoroma, halafu: "Kiambere, tunawasikia. Semeni."

Ndambiri aliketi chini palepale, matopeni.

Land Rover ya hospitali ilifika alasiri, imepakwa tope hadi kwenye kioo. Muda wote huo Ciakuthii hakubanduka kando ya redio. Bado hakukiamini kiungo chake. Rwamba alipopakiwa, ndipo Ciakuthii alipokumbuka kwamba hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

Siku chache baadaye Ndambiri alishuka kwenye baiskeli mbele ya kibanda, akihema.

"Walimpasua, fundi, lakini wote wazima! Ni msichana. Na vile analia, utadhani mbuzi!"

Ciakuthii alicheka hadi akashika meza. Akafunga kibanda mchana kweupe, akaenda nyumbani kulala, na usingizi uliomkimbia tangu siku ile ukamchukua kabla hajavua viatu.