Sahani Niliyoikataa Molenbeek

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa, na mimi sipendi kabisa kuchelewa. Nilishuka metro mtaa wa Etterbeek, huku ugenini, nikatokea mlango usio wangu, nikazunguka kwenye mvua mpaka viatu vikaanza kulia kwacha-kwacha. Mkurugenzi, ambaye sote tulimwita Madame la Directrice, alinifungulia mwenyewe. Akaniangalia miguu, akaenda kuniletea taulo. Kisha, kabla sijakaa, akanipa sheria ya kwanza ya mfuko ule wa ruzuku.

"Georgette, kwa watu wanaotuomba ruzuku hatuli, hatunywi. Hata maji."

Nikasema ndiyo, Madame. Moyoni nikasema, loo, huyu hajafika kwetu Lubumbashi, ambako kukataa chakula ni tusi!

Ninyi vijana mnaoingia leo kwenye kazi hii, msidhani ni kazi ya kugawa fedha. Fedha si zako. Za kwetu ziliachwa na marehemu mmoja tajiri, na kamati ndiyo iliyoamua ziende wapi. Afisa wa ruzuku alisoma maombi, akaenda kuwaona waombaji kwao, na hiyo ndiyo tuliyoiita ziara, kisha akarudi kuwatetea mbele ya kamati. Ukila kwa mwombaji, unakuwa umeshapokea kitu chake, na hapo huna haki tena ya kumsemea wala kumpigia kura. Jina lake ni mgongano wa maslahi. Mimi niliuona ukavu wa moyo tu, lakini niliufuata.

Nilianza kwa kupokea simu. Baadaye nikawekwa chini ya Mkuu wa Programu, mzee mwenye sauti ya chini aliyeshughulikia haki za wapangaji. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika ripoti. "Andika ulichokiona, Georgette," alikuwa akiniambia, "usiandike ulichokwenda kukitafuta." Alipostaafu, wakanihamishia dawati la haki za watu wanaopenda wa jinsia yao, waliobadili jinsia, na wale waliozaliwa miili yao haisemi moja kwa moja mume au mke. Kwenye karatasi zetu tuliandika LGBTQI, na pembeni yake "haki za kijamii".

Kanisani kwetu Koekelberg habari zilifika kabla yangu. Dada mmoja wa kwaya akanivuta pembeni baada ya misa.

"Maman Georgette, ni kweli unatumikaka kazi na bale batu?"

"Ni kweli. Na bale batu baliniulizaka habari ya goti yangu yenye inauma. Weye haujaniuliza."

Alinuna mpaka Pasaka. Bon, nami sikumbembeleza.

Sasa sikieni habari ya mtaa wa Molenbeek, maana ndiyo iliyonifundisha kazi. Kulikuwa na kikundi cha Wakongo na Warundi waliokutana kila Jumamosi katika chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, karibu na mfereji. Wengine walikuwa bado wanangoja majibu ya ukimbizi, wengine walizaliwa hapahapa. Mwenyekiti wao alikuwa Hadija, mwanamke wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye wazazi wake walimlea kama mvulana. Waliomba vitu viwili: kodi ya chumba na chakula cha Jumamosi. Mwenye chumba alikuwa ameshawaambia wasipolipa watoke. Na kwetu, chakula kilikuwa katika gharama zisizokubalika, pamoja na pombe na mapambo.

Nilikwenda ziara. Nilipofungua mlango nikapigwa na harufu ya sombe, majani ya muhogo, na samaki wa kuchoma, harufu ya kwa mama yangu, nikasahau nilichojia. Kwenye jiko alikuwepo mama mmoja wa makamo, kitambaa kichwani, anasonga bukari, ugali wa kwetu, kwa nguvu zake zote. Wote walimwita Maman Trésor. Trésor mwenyewe, mwanawe wa kwanza, alikuwa kijana mrefu mwenye haya, akipita na birika na beseni kunawisha watu mikono. Alipofika kwangu nikaificha mikono yangu.

"Asante, baba. Mimi sitakula."

Maman Trésor akaacha mwiko.

"Juu ya nini, maman? Donc, bukari yetu iko na nini?"

"Haina kitu, dada. Ni sheria ya kazi."

"Sheria gani ya kukataa chakula?" Macho yake yakajaa machozi. Mwanamke wa Lubumbashi anakataa bukari ya mwanamke wa Lubumbashi! Nilitamani sakafu inimeze.

Akaligeukia jiko lake; nikamfuata pale kumwelewesha, na hapo ndipo aliponiambia yake. Mume wake alikuwa amemfukuza Trésor siku alipojua anampenda mwanamume mwenzake. Jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani. Hata yeye baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Papa Trésor tangu mtoto azaliwe, aliwaambia watu kuanzia leo mniite Papa Nadine, jina la binti mdogo. Nao wakamwita hivyo.

"Mi minapikaka hapa kila samedi juu nimuone mutoto wangu anakula," Maman Trésor akasema. "Bwana yangu anajua, lakini haulizi. Mukifunga hapa, nitamuonea wapi?"

Nilimshika mkono uliojaa unga, tukakaa hivyo.

Nilipoeleza ofisini, Madame la Directrice alisema kodi pengine inawezekana, chakula hapana. Nikamwambia, Madame, ukiondoa chakula hakuna kikundi, kinabaki chumba. Watu hawa waliondolewa kwenye meza za nyumbani kwao. Akasema, "Nitakwenda mwenyewe." Nikaogopa. Alikuwa mwanamke wa sheria kuliko sisi wote, na katika kamati kura yake ndiyo iliyokuwa ikiwasogeza wenzake.

Jumamosi ile alikaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, mkoba mapajani. Alimsikiliza Hadija kwa makini, akauliza maswali yake yote. Kisha Trésor akaja na birika. Nikafungua mdomo nimweleze kijana kwamba mgeni hali. Madame akaweka mkoba chini, akavua pete, akanyoosha mikono.

Mama yangu eh! Alikula bukari kwa vidole, akajichafua sombe mpaka kwenye mkono wa koti, na Maman Trésor akawa anamwongeza samaki bila kumwuliza. Mimi nilikaa kando na njaa yangu. Mmoja wetu ilibidi abaki na haki ya kuwasemea.

Tukiwa njiani kurudi nikamwuliza, "Madame, kwa nini?"

"Mikono ya yule kijana ilikuwa inatetemeka," akasema. "Ningemwambia nini?"

Siku ya kamati alieleza kilichotokea, akasimama, akatoka. Sheria yake mwenyewe. Nikabaki peke yangu mbele ya Rais wa Kamati na wenzake.

"Madame Georgette," Rais akasema, "kula pamoja ni haki gani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yakanitoka yote kichwani. Nikawaambia nilichokiona. Nikawaambia habari za mama anayesonga bukari Molenbeek ili amwone mwanawe anameza, kwa sababu nyumbani kwao hata jina la mtoto huyo ni mwiko. Nikasema, mkiwalipia chumba bila chungu, mama huyu atakuja kufanya nini? Mmoja aliyechelewa kufika akauliza Madame la Directrice yuko wapi, mbona anaeleza mtu mwingine. Nikasema, yuko koridoni, alikula. Wakacheka, na kicheko kile kililegeza chumba. Ruzuku ikapita, chumba na chakula, na chakula kikaandikwa chakula, hakikufichwa kwa jina lingine.

Miaka yote iliyofuata niliwatetea kila ruzuku ilipokwisha, na miaka yote hiyo sikula kwao. Maman Trésor alizoea. Alikuwa akinifunulia chungu ninuse tu, huku akinicheka: "Kula na pua, maman, pua haina patron wa kuikataza." Madame alistaafu kabla yangu. Nasikia alikuwa akienda Molenbeek kula, na alijifunza kusonga, ingawa bukari yake ilikuwa na mabonge.

Nami ikanifikia siku yangu ya kustaafu. Ofisini walinipa maua na hotuba, nikalia kama ilivyo desturi. Lakini nilikuwa nahesabu siku hadi Jumamosi ya Molenbeek, maana sheria haikunifunga tena. Ilipofika sikunywa hata chai asubuhi. Mnaoingia kazini leo mtaniuliza niliona faida gani ya kazi hii, na mimi huwaambia: shikeni sheria, na mjue mnaishika kwa ajili ya nani. Trésor, sasa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alininawisha, nikala. Nililia tena, safari hii mdomo umejaa, na sikuona haya.

Katikati ya kula, Maman Trésor akaniinamia sikioni. "Bwana yangu amenileta na gari leo. Iko pale inje. Anakatala kuingia."

Chumba kizima kilikuwa kimeshajua. Trésor alisimama na birika lake, akauangalia mlango, akaiangalia sahani ambayo mama yake alikuwa ameshampakulia baba. Akachukua beseni, akatoka. Mimi na mama yake tukamfuata na sahani mpaka mlangoni.

Gari lilikuwa kando ya barabara, mvua inanyunyiza. Mzee alikaa nyuma ya usukani akitazama mbele. "Bonjour, Papa Nadine," nikamsalimu. Hakujibu. Trésor akasimama kando ya mlango wa gari, beseni mkono mmoja na birika mwingine, mvua inamlowesha mabega. Maman Trésor alinibana mkono mpaka ukaniuma.

Kioo kikashuka polepole. Mikono miwili ya kizee ikatoka nje, viganja juu, na Trésor akamimina.

"Maji iko baridi, Trésor," baba yake akasema.

Trésor akarudi ndani mbio kupasha mengine.