Kiroba Mlangoni pa Ofisi ya Walimu

Jamani, nimechoka, ila najua uchovu siyo kisingizio. Hapa Tunduma nafundisha darasa lililofurika, na mchana nasimamia uji wa wanafunzi, ambao unga wake huchangwa na wazazi. Wiki iliyopita nilikuta kiroba cha unga mlangoni pa ofisi, kimeshonwa mdomo kwa kipande cha kitenge. Mama yangu kule Iyula alikuwa ameahidi kunitumia unga, basi nikakibeba nyumbani. Nilipompigia kumshukuru akashangaa. "Mwanangu, mahindi bado sijasaga." Nikajisemea, uzee huo. Nikasonga ugali.

Jana kwenye kikao nikawawakia wazazi. "Watoto wanashinda njaa, na hakuna hata mmoja aliyeleta unga!"

Mama Neema, muuza nyanya wa mpakani, akasimama taratibu.

"Samahani, mwalimu. Mimi niliuacha mlangoni pa ofisi, nikawahi sokoni. Kiroba nilikishona kwa kitenge."

"Hatujakiona hicho, mama."

Aliangalia tu meza yangu, na wenzake wote wakafuata macho yake. Madaftari ya kusahihisha nilikuwa nimeyabeba ndani ya kiroba kile, na kitenge kilichoning'inia mdomoni kilikuwa kilekile alichojifunga kiunoni.