Trei za Mayai Darini mwa Vani

Niliambiwa kwamba trei ya mayai humeza kelele, na ikishiba lazima uitoe nje uikung'ute, la sivyo itazitapika zote kwa mpigo. Aliyeniambia ni jirani yangu wa Buruburu. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, cheti kimening'inia sebuleni kama picha ya rais, niliamini yote na nikaongeza yangu.

Vani yangu ilibeba kwaya ya kanisa letu kwenda harusini. Wanakwaya ni watu wa kazi, kwa hiyo mazoezi tulifanyia humo njiani. Lakini vani ilinguruma kama posho mill kumi zinazosaga mahindi! Mwalimu wetu, mama aliyewahi kuimba studio, akitoa sauti ya kuanzia, soprano walisikia moja, besi wakasikia nyingine. Kwenye harusi hiyo, mtaani Ziwani, tulianza wimbo kwa sauti nne zisizojuana. Bwana harusi alicheka mpaka akashikiliwa. Mwalimu akasema tukirudia aibu hiyo kwenye harusi ijayo, mtaani Lucky Summer, anaacha kwaya.

Basi nikafunga trei kwa waya, dari nzima na kuta zote. Kila Jumapili nilizifungua, nikazikung'uta nje ya geti.

"Unafukuza kunguni, baba?" jirani mwingine aliniuliza.

"Kelele, mama."

Alimwita mumewe aje anione.

Siku ya Lucky Summer, besi mmoja aliinama kuingia. "Mzee, leo sisi ni mayai?"

"Kaa vizuri usivunjike."

Tulipoanza safari, mwalimu alitoa sauti. Soprano wakajibu, "Eti?" Akatoa tena. "Eti?" Ngurumo ilikuwa ileile. Akaniamuru niegeshe kando na nizime injini. Tukashuka, tukaimba pale pale, wauza ndizi wakatupigia makofi. Harusini tuliingia kwa sauti moja, safi, nusura bibi harusi awasahau waliokuwa upande wa mumewe, aje kusimama nasi.

Kwenye pilau, mwalimu alivuta kiti karibu nami. Hakuwa tena na nia ya kuacha kwaya.

"Baba, trei haijai kelele. Inapunguza tu mwangwi wa sauti zetu, tena kidogo. Kelele ya barabara inapitia bati la sakafu na la milango. Bandika mikeka mizito ya lami kwenye bati lenyewe, halafu utandike zulia nene juu."