Fundo la Upande wa Nje

Kabati langu la vitabu lilikuwa na milango miwili ya vioo na miguu minne, mmoja umeliwa na mchwa. Baba yangu, seremala wa Itigi, alilitengeneza nilipoolewa, likaletwa kwa lori mpaka Mungaa, kwa wakwe zangu. Chini ya mguu mbovu niliweka gunzi la hindi. Mama mkwe alinisihi nilikaze vizuri. Kimoyomoyo nikasema silikazi ng'o, maana sikai. Mume wangu alikuwa anafundisha Itigi, akisubiri nyumba ya mwalimu. Akiipata, mimi na kabati langu tungeondoka. Nilikuwa nimechoka kuishi kwa watu, mpaka kikohozi changu kilikuwa na wa kukisikiliza.

Adabu nayo ilinibana. Kwetu baba mkwe na mkaza mwana hawasemeshani ana kwa ana, wala baba mkwe hakanyagi chumbani kwa mkaza mwana.

Asubuhi moja watu walikwenda shamba la ujamaa. Nilibaki nichague vitabu vya kisomo cha watu wazima, ambacho nilikifundisha jioni, na baba mkwe akabaki uani na goti lake bovu. Chumbani kwangu nikafungua milango yote miwili ya kabati kwa mpigo, upumbavu mtupu. Vioo vikaelemea mbele, gunzi likachomoka, kabati likanijia. Nikalidaka kwa bega. Nikiachia, vioo vyote kwisha. Nisipoachia, nitasimama vile mpaka watu warudi. Nikapiga ukelele.

Baba mkwe akaja hadi nyuma ya ukuta, nje.

"Wewe kuku," alimwambia kuku aliyekuwa akidonoa pale nje, ili asinisemeshe mimi, "humo ndani kuna mtu ameumia?"

Nami nikamjibu kuku. "Hajaumia. Kabati linamwangukia, hawezi kuliachia."

"Mwambie asiachie. Agonge ukuta, hapo juu ya kabati."

Nikanyoosha mkono, nikagonga. Punde udongo ukaanza kudondoka. Kuta za tembe, nyumba zetu za udongo, ni nene; alichimba mpaka bega langu likafa ganzi, ndipo ncha ya mkuki ikatokeza. Ukafuata ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Kwenye ubao wa juu baba yangu alikuwa ametoboa matundu mawili ya kamba za kubebea; nikaupitisha humo, nikamrudishia ncha yake kwenye tundu la ukuta. Vidole vyetu vikagusana. Tukachomoa mikono wote wawili kama tulioungua. Kisha akavuta, kabati likabanwa ukutani, akafunga fundo kwenye nguzo ya nje.

"Kuku, mwambie halitikisiki tena," alisema huku anahema. "Sasa ni la nyumba hii."

Nililia. Hakuna aliyewahi kunitendea wema kama ule katika nyumba ile, na ndio ulionifunga.

Wiki chache baadaye mume wangu alikuja na habari: nyumba imepatikana. Nikamwambia amwombe baba yake afungue ukanda.

"Mzee katoboa ukuta wake kwa ajili yako," alisema, "leo nimwambie afungue? Ataona tunamkimbia."

"Basi twende bila kabati."

"Hiyo ni mbaya zaidi. Tuache kwanza."

Tukaacha. Nyumba ya Itigi akapewa mwalimu mwingine. Nilikaa Mungaa miaka sita zaidi, na kila ukanda ulipokauka baba mkwe aliupaka mafuta, asijue nilivyokuwa ninaomba ukatike.