Komeo Upande wa Kushoto

Leo Jumamosi, mwaka wa saba tangu niondoke Tabora, nimeumbuka kwenye duka la bunduki na nimetoka nikicheka.

Mtihani wa uwindaji nilishafaulu. Nilitaka bunduki moja ya komeo, kile chuma cha pembeni unachovuta kwa mkono kabla ya kila risasi, iliyotumika, ya kuanzia: kitako nitachonga mwenyewe, mtutu nitabadilisha baadaye.
Huku ughaibuni leseni unaiombea bunduki uliyoichagua. Ukikosea unaanza upya, na msimu wa älg, wale kulungu wakubwa, unakupita.

Nikachagua moja inayong'aa. Nikaiweka bega la kulia, nikalenga ukutani.

Bosco, Mkongo ninayemwaga naye zege, aliyenisindikiza dukani, akaangua kicheko.
"Kaka, kazini nyundo unashika kushoto. Umekuwa wa kulia tangu lini?"

Jamani, mimi ni mashoto. Lakini mbele ya mzee, mashoto wa kwetu anashika kitu kwa mkono wa kulia! Bibi alinichapa mpaka mkono ukazoea, na muuzaji alikuwa na mvi.

Yule mzee akaingia stoo, akarudi na bunduki kuukuu, kitako kimechubuka, komeo upande wa kushoto.
"Vingine vyote utabadilisha," akasema. "Upande wa komeo, hapana."

Nikaiweka bega la kushoto. Jicho likakaa kwenye shabaha lenyewe.
"Haya sasa, huyo ndiye wewe," akasema Bosco.

Hiyo hiyo ndiyo naiombea leseni.

Mashoto wenzangu, mnajificha mpaka lini? Semeni hapa chini.
Mimi nikimaliza msimu naja. Krismasi nipo Tabora.