Mameya Sita na Ukuta wa Mokdad

Sisi watu wa mji wa Ain Sfaya hatuhesabu miaka kama watu wengine. Muulize mama yeyote alijifungua lini, atakwambia, "Wakati wa Boujemaa, kabla hajanenepa." Meya ndiye kalenda yetu, na siku zake zikiisha tunambandua ukutani. Mimi nimekaa miaka thelathini na minne kwenye dirisha la vizazi na vifo pale manispaa. Nimeandika watoto waliopewa majina ya mameya, kisha nikaandika upya majina yao baba zao walipokuja kuyabadilisha, wametahayari, wanasema waliteleza ulimi.

Lakini sina haja na mameya. Hao wana picha zao ukumbini. Ninayetaka kumsimulia ni Mokdad Ferchichi, mtu aliyekuwa akizitundika picha hizo.

Mokdad alikuwa tarishi wetu. Mtu mfupi, koti la buluu, kofia nyekundu ya sufu ambayo hakuivua hata mwezi wa nane, joto linapotuchoma. Alipandisha mafaili ghorofani, akayateremsha, akapika kahawa. Alijivuna kwa jambo moja tu: kwamba anawajua mameya kuliko wake zao. Boujemaa, mwenye mashamba ya mizeituni, alitaka kahawa isiyo na sukari na mlango uachwe wazi ili watu wamwone anafanya kazi. Abdelwaheb, yule mfamasia, alimpima presha kila aliyepanda kulalamika, na mara nyingi ilionekana kwamba malalamiko yametokana na kula chumvi. Khemais alikuwa mwalimu mkuu na alisahihisha barua zetu kwa wino mwekundu. Mokdad aliwahudumia wote kwa uso mmoja, na kila mpya alipoingia alisimama mlangoni akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa wake uliosubiri kupona, nao ulikuwa korongo.

Nyumba yake ilikuwa Mtaa wa Chini, ukingoni kabisa. Korongo lile ni kavu miezi kumi na moja ya mwaka. Watoto huchezea mpira humo na wanawake huanika pilipili. Lakini wakati wa Boujemaa maji yalishuka mara moja kutoka milimani, yakabomoa zizi la jirani, yakaingia kwa Mokdad mpaka kwenye magodoro. Mkewe, Hadhria, alisimama juu ya sanduku la nguo saa nne nzima ameshika chungu cha kuskusi kichwani. Alikuwa mwanamke mcheshi, alilisimulia jambo hilo kwa kicheko. Kicheko kilipokwisha alimwambia mumewe, "Wewe si ndiye unayewanywesha kahawa wakubwa? Basi waambie watujengee ukuta wa mawe. Sitaki dhahabu, sitaki kwenda Makka mwaka huu. Nataka ukuta."

Mokdad akamwahidi. Miaka michache baadaye Hadhria alipata kiharusi, mguu wa kulia ukapooza. Kuanzia hapo hakuwa mtu wa kupanda juu ya sanduku. Kuhama hawakuweza, maana nani anunue nyumba iliyo mdomoni mwa korongo? Kwa hiyo ukuta ukawa ndio uhai wa Hadhria, na kila mtu pale manispaa alilijua hilo.

Kuta za namna hiyo hazijengwi na meya. Zinajengwa na ofisi ya ujenzi ya mkoa. Meya kazi yake ni kutia sahihi ombi, basi. Boujemaa alitia sahihi. Mokdad alilipeleka ombi mwenyewe, akarudi na risiti yenye muhuri, akaikunja ndani ya kofia yake. Tukangoja. Mwaka wa tano Boujemaa akaondolewa, akaja mfamasia.

Hapa inabidi niseme tabia yetu, ingawa inanitia aibu. Kwetu meya mpya hagusi kazi ya meya aliyepita. Bustani iliyoanzwa na fulani huachwa ikauke, ili fulani mwingine apande yake. Hata barua kutoka mkoani, ikiwa bahasha ina jina la meya wa zamani, hufungiwa kabatini bila kufunguliwa. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ni adabu tu, adabu ya kipumbavu, na sote tuliilea.

Juma lile lile alipoingia mfamasia, Mokdad alikuja mezani kwangu.

"Bi Behija, nipigie chapa barua mbili. Moja ya kuomba ukuta. Ya pili ya kuondoa ombi la zamani."

"La zamani lina kosa gani?"

"Lina jina la Boujemaa."

"Ukuta si ni ule ule, Mokdad?"

"Ukuta ni ule ule, lakini meya siye. Dada yangu, bibi harusi hapewi kiporo. Akiona ukuta ni wa Boujemaa atalikalia ombi mpaka litoe vifaranga. Acha aone ni wake, aufungue yeye, akate utepe yeye. Sisi shida yetu mawe."

"Na kwa nini kuliondoa? Si yakae yote mawili?"

"Mkoa hawapokei maombi mawili ya mahali pamoja. Nimeuliza."

Nilicheka. Nilimwona mjanja. Nikapiga barua zote mbili, nikagonga muhuri, naye akaenda nazo mkoani kwa furaha kama mtu anayepeleka mahari. Mfamasia alikuwa amesaini ombi bila kusoma, na ile ya kuondoa aliisaini Mokdad mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyelipeleka ombi.

Alipokuja Khemais, tukafanya vivyo hivyo. Khemais alisahihisha herufi mbili kwanza, ndipo akasaini. Akaja Lazhar, mkandarasi, aliyetuahidi ukuta wenye taa juu yake. Siku watu walipoinuka nchi nzima, Lazhar alitokea mlango wa nyuma akapitia machinjioni, viatu vyake vikabaki kwenye damu ya ng'ombe. Vijana wakaja kuchoma picha yake. Mokdad aliwapa picha, fremu akaikatalia.

"Mchomeni yeye," aliwaambia, "fremu ni mali ya umma."

Baada ya hapo tukaletewa Mongi, meya wa muda. Wa muda! Alikaa miaka saba. Alikuwa akisema, "Mimi ni mpita njia tu hapa," na kwa kweli alipita pole pole sana. Naye tulimwandikia ombi lake jipya, tukaondoa la Lazhar.

Nyumbani Hadhria alikuwa ameacha kutaja ukuta kwa sauti. Nilikwenda kumjulia hali siku za Idi, nikamkuta ameketi kitandani, kitanda kimeinuliwa kwa matofali matano kila mguu.

"Huu ndio ukuta wangu, Behija," alisema akipiga matofali kwa fimbo. "Kila meya tunaongeza tofali. Tukifika wa kumi nitakuwa nalala paani."

Nilicheka naye.

Halafu tukapiga kura, kura ya kweli kwa mara ya kwanza, akapatikana Rafika. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mhandisi wa maji, sauti ya chini. Siku yake ya nne kazini alivaa viatu vya mpira, akashuka korongoni peke yake na kupima kwa kamba. Hadhria alimwita kutoka dirishani, akampa mkate wa moto na harisa, ule rojo wetu wa pilipili, na mafuta ya zeituni, nao wakala pamoja kitandani. Aliporudi ofisini, Rafika alimwita Mokdad, nami nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimepeleka vyeti vya kusainiwa.

"Ami Mokdad," alisema, "ombi la ukuta la Sidi Mongi liko wapi? Nataka tulifuatilie hilo hilo. Lina miaka saba kwenye foleni, tusilipoteze."

Mokdad alitabasamu kama mtu aliyetayarisha zawadi mapema. "Lile limekwisha, binti yangu. Nililiondoa Jumatatu. Lako hili hapa, jipya, halijaguswa na mtu. Bado sahihi yako tu."

Rafika aliuliza: "Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ni heshima yako."

Yule mwanamke alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Sikuelewa kwa nini. Nilidhani amechoka. Kisha akachukua kalamu, akasaini, akasema taratibu, "Safari nyingine, ami, niulize kwanza." Mokdad alitoka ameudhika. Kwenye ngazi aliniambia kwamba binti yule ana elimu lakini hajafunzwa kupokea.

Rafika alilipigania ombi lile miaka mitano. Alikwenda mkoani hata kwa miguu yake, akajibiwa kwamba foleni ni foleni. Ndipo ikafika amri kutoka mji mkuu kwamba mabaraza yote ya miji yamevunjwa. Alikusanya vitu vyake kwenye kikapu cha sokoni, akatuaga kwa kutushika mkono mmoja mmoja. Ofisi ya ghorofani ikafungwa kwa ufunguo. Tangu siku hiyo hatuna meya, kuna katibu tu anayetia sahihi vyeti na kutazama saa.

Mvua ilinyesha mwaka wa pili wa hali hiyo, mwezi wa kumi, saa sita mchana. Kwetu mjini yalikuwa manyunyu tu. Ilinyesha huko milimani. Mokdad alikuwa ghorofani akifuta vumbi kwenye kiti ambacho hakikaliwi na mtu, aliposikia mngurumo. Alishuka ngazi akikimbia, mtu wa miaka sitini na mmoja, na kofia ikamdondoka bila yeye kuiokota. Nilimfuata mpaka kwenye pembe ya msikiti. Zaidi ya hapo barabara haikuwepo, yalikuwepo maji ya rangi ya matofali yanayobeba milango ya watu.

Majirani waliwatoa watoto wao kwa kupitia paani. Walimwita Hadhria, akajibu, wote wanasema alijibu. Mlango wake ulikuwa umezibwa na matope kwa nje. Maji yalipopungua wakati wa alasiri wakaingia na majembe. Kitanda kilikuwa bado kimesimama juu ya matofali yake. Maji yalikuwa yamefika juu zaidi ya hapo kwa urefu wa mkono.

Tulimzika siku ya pili. Niliandika jina lake kitabuni kwa mkono wangu: Hadhria binti Sadok. Mokdad alinitajia jina la baba mkwe wake herufi kwa herufi, sauti haikumtetemeka. Alikuwa na hasira, na hasira ilimsimamisha wima. Alitaka kumjua mmoja kati ya wale sita amlaani. Ni nani aliyelilalia ombi? Mfamasia? Lazhar? "Nataka jina moja tu, Behija," alisema. "Mtu hawezi kuwalaani sita, laana inagawanyika."

Baada ya siku arubaini alikwenda mkoani kuuliza. Alirudi saa nane mchana, akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akapita wenye foleni. Watu wakanung'unika, kisha wakamtambua, wakanyamaza.

"Wana daftari kubwa," alisema. "Yule kijana ni mwema, alinipa kiti. Kila ombi wameliandika kwa tarehe. Anayeomba kwanza anajengewa kwanza, hakuna kingine. Hakuna aliyelilalia, Behija."

Nikafunga kitabu nilichokuwa nikiandika.

"La Boujemaa lilikuwa la pili kwenye foleni. La pili! Ikaja barua ya kuliondoa. La mfamasia lilifika la nne, ikaja barua. La Khemais… La Khemais lilikubaliwa. Mawe yalishapangwa. Walimwandikia yeye kwa jina lake, barua ikafika kwetu ameshaondoka, na yangu ya kuondoa ikafika kwao."

Ile bahasha ilikuwa bado imo kabatini, hatua kumi kutoka nilipoketi. Sikuhitaji kwenda kuitazama.

"Kijana alinionyesha barua zote tano za kuondoa," akaendelea. "Akaniuliza, ami, huyu mtu aliyewachukia hivi ni nani? Ni sahihi yangu, Behija. Zote tano. Na ile chapa yake nzuri, isiyo na kosa hata moja."

Chapa ilikuwa yangu. Yeye hakulisema hilo, wala hakunitazama aliposema. Ningependa angenitukana. Ningependa angenishika ushungi mbele ya watu wale wote.

"Fungua kitabu," alisema. "Pale kwa Hadhria. Andika aliyemuua."

"Hakuna nafasi hiyo, Mokdad. Kuna jina, mzazi, siku na mahali."

"Basi pembeni."

"Pembeni hapaandikwi."

Aliitikia kwa kichwa, mtu wa ofisi kwa mtu wa ofisi. Alikuwa anaijua kanuni hiyo. Watu walianza kusogea nyuma, mmoja mmoja, mpaka tukabaki sisi wawili na ile kaunta katikati. Akaweka mikono yake juu ya mbao, mikono iliyobeba trei za mameya sita.

"Niambie kitu kimoja, dada yangu. Mimi ningekaa kimya tu. Ningepika kahawa, nisifanye lolote, nisiandike lolote. Ukuta ungejengwa?"

Kwenye dirisha lile nimewadanganya watu wengi. Nimewaambia cheti kinakuja kesho, katibu ametoka kidogo, mzee wako hakuteseka. Uongo mdogo ndio mkate wa kazi yangu. Siku hiyo niliutafuta, sikuupata hata mmoja.

"Ungejengwa," nikamwambia.