Kiazi Kilichonenepa kwa Maneno

Heshima yote ya tarishi mmoja mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Kisiki, ilikuwa imefukiwa nyuma ya nyumba yake, chini ya tuta moja la kiazi kikuu. Ardhi ya huko ni kavu; mvua hubisha hodi na kuondoka kabla haijakaribishwa. Kiazi hicho kilivumilia, udongo ukapasuka, naye Kisiki akatangaza kwamba chini kuna kiazi cha kubebwa na watu wawili. Msimu uliofuata wabebaji wakawa wanne. Hakuna aliyekuwa amekigusa.

Wenzake walivuna, wakala, wakasahauliwa. Yeye hakuvuna, na kila akienda kwa kinyozi alipishwa kiti.

"Mzee, kiazi ni chakula, si mnara," mkewe alimwambia.

"Subira, mama. Bado kinakua."

Kisha binti yao akaposwa. Wazazi wa mchumba walituma salamu kwamba wanakuja kujitambulisha, na baba mtu alikuwa na hamu ya kukionja kiazi ambacho mwanawe hakuacha kukisimulia. Kisiki alianza kutafuta udhuru. Mkewe alichukua jembe.

Kilichotoka hakikuzidi mkono wa mtu mzima. Siku ya ugeni, mkewe alipokileta sebuleni kwenye sahani, kimechemshwa, baba wa mchumba alikitazama, akamtazama mwenyeji.

"Ndicho chenyewe?"

"Hicho ni kitoto," Kisiki alijibu bila kupepesa. "Mama yake bado yuko chini."

Mgeni akavua koti. "Basi twende tukamtoe, mzee mwenzangu. Nyumbani nimeacha kimoja kimenizidi kimo, nataka nilinganishe."

Walichimba hadi magotini, wakachimba hadi kiunoni. Jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama ni choo kipya.

"Kimesikia jembe, kimezama," Kisiki alisema, jasho likimtiririka, akingoja aibu imshukie.

Mgeni aliegemea mpini, akafikiri. "Changu nacho kina tabia hiyohiyo."

Kisiki alishusha pumzi. Posa imepona.

Ndani, akina mama walikuwa wanamalizia kiazi kwa chumvi.

"Mwenzangu, hicho chenu mliwahi kukichimba?" mke wa Kisiki aliuliza.

"Thubutu!" mama wa mchumba alicheka, akilamba vidole. "Tuta lile hata kuku haruhusiwi kulikaribia. Hebu niongeze kipande."